Namba 42: mashua ya mbio ilivyopanda mwamba uliokuwamo ramanini

Tarehe 29 Novemba 2014, saa 1:10 usiku kwa saa za Mauritius (Mombasa na Dar es Salaam ilikuwa saa 12:10, jua ndiyo linazama), mashua ya mbio Team Vestas Wind ilipanda mwamba wa Cargados Carajos, kiasi cha kilomita 430 kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Mauritius. Ilikuwa inakwenda noti 19, yaani kilomita 35 kwa saa, na ndani mlikuwa na watu 9. Sukani zilivunjika, shetri ikaanza kuingiza maji, na mawimbi yakaipigiza mashua juu ya matumbawe. Kabla ya alfajiri walishuka, wakatembea kwenye maji ya magotini hadi penye mwamba mkavu, wakaja kuchukuliwa na boti ya walinzi wa pwani. Washindani wao wa Team Alvimedica walikuwa wamegeuza chombo na kukesha jirani usiku kucha. Hakuna aliyekufa.

Mwamba wenyewe si mgeni baharini. Una urefu wa kama kilomita 50, una visiwa vidogo vya mchanga, una wavuvi, na jina lake la Kireno linatosha kueleza ni tangu lini mabaharia wanaujua. Ulikuwamo pia kwenye ramani ya kielektroniki ndani ya mashua hiyohiyo. Na si kwamba hakuna aliyeitazama. Mwongoza njia, Wouter Verbraak, alieleza baadaye hadharani kwamba alilikagua eneo hilo kabla ya kwenda kupumzika, baada ya siku ndefu ya kukwepa dhoruba ya kitropiki, na alichokiona kwenye skrini ni kina cha mita 42 na 80. Mkuku wa mashua ulifika mita 4.78 chini ya maji. Ukiamini 42, una mita 37 za ziada. Akaenda kulala.

Kosa liko kwenye usomaji wa namba hiyo moja. Wala si kosa la mtu mjinga, maana hawa walikuwa mabaharia wa daraja la juu duniani. Ndiyo maana kisa hiki kinamfundisha anayeanza kusoma ramani za bahari kuliko visa vya wazembe.

Walifikaje hapo

Volvo Ocean Race, mashindano ya mashua ya kuzunguka dunia, ilikuwa mwaka huo kwenye mkondo wa pili, Cape Town hadi Abu Dhabi, na mashua zilikuwa zimeondoka Cape Town tarehe 19 Novemba. Waandaaji walikuwa wameweka maeneo yaliyokatazwa kupitwa. Muda mfupi kabla ya kuanza, mpaka wa eneo hilo ulibadilishwa kwa sababu ya dhoruba, na bahari ya upande wa Mauritius ikafunguka. Mpango wa njia uliotayarishwa nchi kavu kwa utulivu, mezani, ramani zote zimekunjuliwa, haukuwa tena njia iliyosafiriwa.

Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Ukaguzi wa njia hufanywa bandarini kwa sababu hapo macho hayajachoka na meza haiyumbi. Njia ikibadilika, ukaguzi wote wa mwanzo umekufa, na lazima ufanywe upya kana kwamba safari ndiyo inaanza. Mara nyingi haufanywi. Kinachofanywa ni kupitisha jicho.

Kile ambacho 42 husema kwenye karatasi

Mchoraji wa ramani ya karatasi ana kanuni anayoishika kwa meno: anapopunguza skeli (uwiano wa ramani na bahari halisi), anafuta namba nyingi, lakini hafuti kina kidogo. Kama kwenye eneo la maili kadhaa kuna vipimo 60, 42, 55 na 3, nafasi ikawa ya namba moja tu, itabaki 3. Kwa hiyo baharia aliyelelewa na karatasi akiona 42 katikati ya bahari anasoma hivi: hapa penye maji haba kuliko pote pana mita 42. Ni usomaji halali kabisa, kwa karatasi.

Ramani ya kielektroniki ya vekta haichorwi hivyo. Ni hifadhi ya vitu: hiki ni kisiwa, huu ni mstari wa kina, hii ni namba, huu ni mwamba unaofunikwa na kufunuliwa na maji. Programu inaamua kitu gani kionekane kwa ukuzaji gani, na ngazi moja ya ukuzaji huenda ilitayarishwa peke yake bila kulinganishwa na ngazi ya chini yake. Kisha kuna jambo dogo la jicho ambalo wengi hawalifikirii. Unapoirudisha ramani nyuma, eneo linasinyaa, lakini maandishi ya namba hayasinyai. Mwamba unakuwa mwembamba kama unywele, kisha unatoweka. Ile 42 inabaki, nene, inasomeka vizuri, peke yake. Mtu anaona ramani yenye taarifa na kudhani ndizo taarifa zote.

Tupige hesabu. Kutoka Cape Town hadi Abu Dhabi ni takriban nyuzi 58 za latitudo, kama kilomita 6,440. Ukitaka zote ziingie kwenye skrini yenye kimo cha sentimita 20, skeli inakuwa karibu 1:32,000,000. Mwamba wa kilomita 50 unakuwa milimita 1.6 kwa urefu, na upana wake wa kilomita chache unakuwa chini ya unene wa mstari. Ukikuza hadi 1:5,000,000, urefu unafika sentimita 1, bado upana ni milimita moja hivi. Hadi hapo ni hiari ya programu kuuonyesha au kuuacha.

Na kwa nini mwongoza njia akae kwenye skeli kama hizo? Kwa maoni yetu jibu liko kwenye hali ya hewa. Dhoruba na upepo vinasomwa kwenye eneo la maelfu ya kilomita. Skrini ileile ya upepo ndiyo ya ramani. Ukishinda siku nzima unaangalia dhoruba, jicho linazoea skeli ambayo humo visiwa vya mchanga havipo duniani.

Kamati ya uchunguzi iliyoundwa na waandaaji, ikiongozwa na admirali mstaafu wa Australia Chris Oxenbould, akiwa na Stan Honey na Chuck Hawley, ilitoa ripoti Machi 2015. Iligawa lawama pande mbili: matumizi hafifu ya ramani za kielektroniki na taarifa nyingine za njia, na uchoraji hafifu wa hatari kwenye ngazi za ukuzaji mdogo na wa kati. Sisi tungeongeza kwamba hizo pande mbili hazina uzito sawa kwa anayeshika usukani. Programu mbovu utaipata kila mahali. Kukuza ramani kuko mkononi mwako.

Swali linaloulizwa namba

Chukua namba ile tena, sasa uitazame na majirani zake. Kando yake kuna kina cha mita elfu kadhaa. Katikati, ghafla, 42. Hiyo si sakafu ya bahari, ni kilele cha mlima uliotoka kilindini, na kilele hakina wajibu wa kuwa bapa. Swali si kama mita 42 zinatosha. Swali ni: kati ya 42 na 80, nani alipima?

Wazee wa majahazi wanaielewa hoja hii bila kompyuta. Bildi, yaani kamba yenye uzito ya kupimia kina, ikishushwa inakupa kina pale ilipogusa, na hatua kumi pembeni hujui kitu. Vipimo vya zamani vya katikati ya bahari ni bildi hizohizo, zimetawanyika maili na maili. Ramani rasmi za kielektroniki zinakueleza ubora wa upimaji kwa alama ya nyota, na ni tabia njema kuiwasha alama hiyo kabla ya kuamini namba yoyote. Nyota 6 ni daraja A1: mahali hapakosewi zaidi ya mita 5 ukiongeza asilimia 5 ya kina, na kina hakikosewi zaidi ya nusu mita ukiongeza asilimia 1 ya kina. Nyota 5, A2, mita 20 na mita 1 pamoja na asilimia 2. Nyota 4, B, mita 50, kina kama A2, lakini kuna uwezekano wa hatari ambazo upimaji haukuziona. Nyota 3, C, mita 500, na kina mita 2 pamoja na asilimia 5. Nyota 2, D, ni mbaya kuliko hapo. Herufi U ni kwamba ubora haujatathminiwa.

Kwa daraja C, ile 42 inaweza kuwa pungufu ya mita 4.1 (2 na 2.1). Mtu anaweza kusema basi bado nina 38. Hapana. Hesabu hiyo inahusu namba yenyewe tu, haihusu nafasi tupu kati ya namba na namba. Nafasi nyeupe kwenye ramani ya daraja C au D isomwe kama mahali ambapo hakuna aliyepita na kipimo, hadi upate ushahidi mwingine.

Ushahidi mwingine unaweza kuwa ramani ya sakafu ya bahari, ile ya rangi, kama ya GEBCO, mradi wa kimataifa wa kuchora sakafu ya bahari. Kwa kisa hiki ingesema mengi. Ungeona Uwanda wa Mascarene umejipinda kutoka Shelisheli hadi Mauritius, zaidi ya kilomita 2,000, ukiwa na mafungu makubwa juu yake: Saya de Malha, Nazareth, kisha Cargados Carajos upande wa kusini. Njia inayokata mgongo wa aina hiyo haiwezi kuitwa njia ya kilindini, hata kama skrini ya ramani ya safari ni nyeupe.

Lakini ramani hizo zina mitego yake. Kwanza rangi zinageuka. Kwenye ramani ya safari, buluu ni maji haba na nyeupe ni kilindi. Kwenye ramani ya sakafu, buluu nzito ndiyo kilindi, na mgongo wa mlima unapakwa rangi hafifu au nyekundu. Anayeanza akihama kutoka moja hadi nyingine bila kusoma ufunguo wa rangi, anaiona hatari kuwa njia. Pili, sehemu kubwa ya sura hiyo haikupimwa na meli. Ni robo hivi tu ya sakafu ya bahari duniani iliyopimwa moja kwa moja kwa vyombo vya kisasa. Iliyobaki imekisiwa kutokana na satelaiti zinazopima uso wa maji unavyovutwa na uzito wa milima iliyo chini. Makisio hayo yanaona mlima, hayaoni kilele chembamba. Tatu, kila kijisanduku cha GEBCO kina upana wa karibu mita 450, kina kimoja kwa eneo lote hilo. Mwamba wa upana wa mita 100 unayeyuka humo. Ndiyo maana huandikwa kwamba haifai kuongozea chombo. Itumie kuuliza swali, halafu urudi kwenye ramani ya safari upate jibu.

Ukikuza, unatafuta nini

Hapa ndipo wanaojifunza wanapokwama, kwa sababu mwamba wa matumbawe hauji na picha ya mwamba. Unakuja na alama ndogo. Msalaba mtupu ni jiwe lililo chini ya maji, la hatari. Msalaba wenye nukta nne kwenye pembe zake ni jiwe lililo sawasawa na uso wa maji, maji yakiwa kwenye sifuri ya ramani, yaani kiwango ambacho kina kwenye ramani huhesabiwa kutoka hapo. Nyota ndogo kama kinyota cha maandishi ni jiwe linalofunikwa na kufunuliwa. Namba iliyopigiwa mstari chini si kina: ni kimo, yaani mahali hapo panakauka kwa mita hizo maji yakipwa. Mtu akisoma 2 yenye mstari kuwa mita 2 za maji, amekosea kwa mita 4 nzima. Mstari wa nukta uliozunguka kitu ni wa kukuonya, kaa nje yake. Herufi Co ni matumbawe, Br ni mawimbi yanayovunjika, PA ni kwamba mahali pamekadiriwa, ED ni kwamba kuwepo kwake kuna shaka. Hiyo ED isikupe moyo. Mwenye shaka ni mchoraji, si mwamba.

Pia soma kwanza namba hizo ziko katika kipimo gani. Ramani za zamani za bahari yetu bado zipo kwenye makabati, zimeandikwa kwa pima, na pima moja ni mita 1.83. Kusoma 7 ya pima kama mita 7 kunakuogopesha bure. Kinyume chake ndicho kinachovunja vyombo.

Maji kujaa na kupwa hayana msaada mkubwa Cargados Carajos, kwa kuwa huko tofauti ni ndogo. Msomaji wa Unguja au Mombasa, aliyezoea bamvua la karibu mita 4, asihamishie mazoea yake huko. Mwamba unaopitika nyumbani maji yakijaa, huko haupitiki saa yoyote.

Wala ekosaunda, chombo cha kupima kina kwa mwangwi, isingewaokoa. Mwamba wa aina hii unainuka kama ukuta. Kwa noti 19 chombo kinakwenda mita 9.8 kila sekunde. Ukingo wa mita 500 kutoka kilindini hadi kwenye matumbawe unavukwa kwa sekunde 51, na mashua ya mbio haigeuzwi gizani ndani ya sekunde 51 na wengine wamelala.

Ukaguzi uliokosekana, kwa dakika

Tuseme njia mpya ina maili 600 za bahari. Kuza hadi 1:90,000. Skrini yenye upana wa sentimita 40 inaonyesha kilomita 36, sawa na maili 19.4. Maili 600 ni skrini 31. Ukiipa kila moja sekunde 20, umemaliza kwa dakika kumi na kidogo.

Unaanza mwanzo wa njia na kuisogeza ramani kwa mkono, skrini moja baada ya nyingine, ukiacha sehemu ya ile iliyopita ionekane. Usikague mstari tu. Kagua na upana wa pembeni ambao upepo au uchovu unaweza kukupeleka; kwa mashua ya matanga katikati ya bahari, maili 10 kila upande si nyingi, na maana yake skrini zinaongezeka. Popote programu inapoandika kwamba umekuza kupita skeli ya data, hiyo ni habari: hakuna ramani ya karibu zaidi ya hapo. Popote palipo na kijisanduku cha mpaka wa ramani nyingine, ifungue. Mtu hakuchora ramani ya karibu katikati ya bahari bila sababu.

Kisha weka mstari wa kina cha usalama. Chukua mita za chombo chini ya maji, ongeza ya mawimbi na ya makosa ya upimaji. Kwa mkuku wa 4.78 ungetaka 10 au zaidi. Jua kwamba mfumo kamili wa meli ukiambiwa 12, na ramani ina mistari ya 5, 10, 20 na 30 tu, utachukua 20, ule wenye kina zaidi; usipouambia kitu unachukua 30. Mfumo huo hupiga kengele chombo kikielekea kuvuka mstari huo. Programu nyepesi za mashua nyingi hazina kengele hiyo, na aliyehama kutoka kwenye meli kubwa anaweza kudhani ipo inamlinda.

Mwisho andika kwenye daftari la safari kwa maneno, si kwa rangi: "Cargados Carajos, mwamba, urefu km 50, upite umbali wa maili 15, ulizwe kila zamu." Atakayeamshwa saa 8 usiku atasoma sentensi hiyo hata kama skrini imerudishwa kwenye dhoruba.

Skeli mbaya haiwapati wenye matanga tu. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya mizigo Wakashio, yenye urefu wa karibu mita 300, ilikwama Pointe d'Esny, Mauritius. Waliokuwa wameikodi walieleza Desemba mwaka huo kwamba mpango wa kupita maili 22 kutoka nchi kavu ulipunguzwa hadi 5, kisha wakalenga 2 ili wapate mtandao wa simu, wakitumia ramani isiyo na skeli ya kutosha kuonyesha umbali wa pwani na kina. Ilikwama maili 0.9 kutoka ufukweni, na tani zipatazo 1,000 za mafuta zikamwagika. Ile ya Vestas Wind ilinyanyuliwa Desemba 2014, ikajengwa upya Italia, ikarudi mashindanoni Lisbon Juni 2015.

Kama una programu ya ramani kwenye simu au kompyuta, lipo zoezi la robo saa. Tafuta Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo bapa kusini mashariki mwa Unguja, chenye kilindi pande zote. Kikuze hadi ukione na miamba yake. Sasa rudisha nyuma hatua kwa hatua, ukiandika skeli kila hatua, hadi kisiwa kipotee na maji yabaki safi. Tia alama skeli ya mwisho kilipoonekana. Iandike kwenye kipande cha karatasi chenye gundi, ukibandike pembeni ya skrini, na usikague njia ukiwa nyuma ya namba hiyo.